Orodha Iko Wapi? Somo Kuhusu Msaada wa Serikali kwa Mfanyakazi Aliyetumwa Nyumbani kwa Muda

Somo la toleo hili limetokana na swali lililoulizwa barazani Mowlem. Maofisa walikuwa wamemaliza kuzungumza kuhusu taka na mitaro iliyoziba. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasimama: "Kijana wangu ametumwa nyumbani na kiwanda, huu mwezi wa pili. Hajafutwa, na halipwi. Serikali inamsaidia vipi mtu kama huyo?"

Aliyekuwa na kipaza sauti akajibu kwamba masuala ya ajira yako chini ya serikali ya kitaifa, mkutano ukaendelea. Jibu lilikuwa la kweli, lakini mama alirudi nyumbani bila kitu cha kumwambia kijana wake. Hapa tunajaribu kulijibu swali lake, pamoja na lile lililofuata kwa minong'ono nje ya lango: na msaada ukija, utawafikia wanaostahili au utaishia kwa wale wale?

Tuanze na maneno, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotelea. Kufutwa ni mkataba kuvunjwa. Kupunguzwa kazi ni mwajiri kusema nafasi yako haihitajiki tena, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inaeleza utaratibu wake: notisi ya mwezi mmoja kwako au kwa chama chako cha wafanyakazi, nakala kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Hali ya kijana wa Mowlem ni ya tatu. Ameambiwa akae nyumbani hadi aitwe. Watu huiita likizo bila malipo. Sheria yetu haina kifungu kinachompa mwajiri uwezo wa kuitoa likizo hiyo kwa amri yake peke yake. Kifungu cha 10 kinamtaka ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo "kaa nyumbani tutakupigia" iliyosemwa langoni na msimamizi si utaratibu wa kisheria, hata ikisemwa kwa upole.

Je, serikali humlipa mtu wa hali hiyo ya tatu? Kenya haina hazina ya bima ya ukosefu wa kazi. NSSF hulipa uzeeni, ulemavu unapomzuia mtu kufanya kazi, na kwa familia mwanachama anapofariki. Haimlipi mtu anayengoja kuitwa tena kazini. Tulilihisi pengo hili tena mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na wafanyakazi wengi wa miradi ya afya iliyotegemea fedha hizo wakatumwa nyumbani bila malipo. Wengine walikuwa wauguzi na washauri wa kliniki ambao majirani zao wamezoea kuwaona wakitoka asubuhi na beji shingoni.

Wakati pekee ambapo serikali ilijaribu kwa upana kushika mkono watu wa aina hii ulikuwa 2020, na ndio tutakaojifunza kwao.

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Machi 13, 2020. Machi 25, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu. Mwenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi angeondolewa kodi yote ya mapato, kiwango cha juu cha kodi hiyo kingeshuka kutoka asilimia 30 hadi 25, VAT ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na Sh10 bilioni zingetengwa kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Siku mbili baadaye kafyu ilianza, na Aprili 6 ikatangazwa kwamba mtu hatatoka wala kuingia eneo la jiji la Nairobi.

Tuchukue mfano. Fundi wa cherehani anaishi Mowlem na anafanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Baba Dogo. Mshahara wake ni Sh24,000. Kwa viwango vya kodi vya wakati ule alikuwa akikatwa takriban Sh1,500 kila mwezi. Nafuu ilipokuja, fundi aliyebaki kazini aliziona hizo Sh1,500 kwenye hati yake ya mshahara, na ni hela: ni unga, mafuta na tokeni za stima. Mwenzake wa mashine ya pili, aliyetumwa nyumbani bila malipo wiki hiyo hiyo, alipata sufuri. Asiye na mshahara hana kodi ya kusamehewa. Msaada uliotolewa kupitia mshahara ulimfikia aliye na mshahara, na meneja wa ghorofani alipata nafuu kubwa kuliko fundi kwa sababu alikuwa na kodi kubwa ya kupunguziwa. Hakuna aliyeiba hapo. Kila kitu kilifuata sheria, na bado matokeo yalikuwa kinyume na yale ambayo mtu wa kawaida angeyaita haki.

Tukienda upande wa pili, ule wa fedha kwa wasiojiweza, huyo mwenzake alikwama tena. Katika mpango wa dharura uliopitia simu, familia zilizochaguliwa zilitumiwa Sh1,000 kwa wiki. Aliyechagua ni nani? Mara nyingi ilikuwa machifu, wazee wa mtaa na watu wa nyumba kumi, ambao ndio wanaojua nani hana kitu. Lakini fundi wa kiwanda, machoni pa mzee wa mtaa, si maskini. Amekuwa akilipa kodi ya nyumba kwa wakati, ana televisheni, na watoto wake wana sare nzima. Umaskini wake ulikuwa wa wiki tatu, na haukuwa umeanza kuonekana. Kwa mwajiri aliitwa wa nyumbani, kwa mzee aliitwa wa kazini, na orodha zote mbili zikamruka.

Naomba tukae hapa kidogo. Wengi tunapozungumza juu ya matumizi mabaya ya misaada huwa tunamfikiria mwizi, na mwizi yupo, nitamfikia. Lakini aliyeumia zaidi mwaka ule pengine hakuibiwa na mtu yeyote. Hakuna karatasi iliyokuwa na mstari wake.

Julai 2021 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu mpango huo wa fedha jijini Nairobi. Ilieleza kwamba familia nyingi zilizohitaji hazikupata, kwamba wananchi wengi hawakuelezwa vigezo vya kuchagua, na kwamba baadhi ya waliohusika na uandikishaji waliwapendelea jamaa na marafiki. Ukiongea na mkazi yeyote wa Eastlands hatashangaa. Linalonishughulisha mimi ni namna upendeleo huo unavyowezekana. Unahitaji kitu kimoja tu: orodha isiyoonekana. Mzee anayejua kwamba majina 40 yatabandikwa mlangoni pa ofisi ya chifu Jumatatu asubuhi hawezi kumwandika shemeji yake mwenye nyumba tatu za kupangisha. Si lazima awe mwema kuliko wengine. Anaogopa tu macho ya plot nzima.

Kazi Mtaani ilitoa somo lake. Mpango huu wa kitaifa wa usafi ulianza Aprili 2020 katika mitaa ya mabanda ya kaunti chache, Nairobi ikiwemo, kisha Julai ukapanuliwa hadi kaunti zote 47 kwa Sh10 bilioni, ukilenga vijana zaidi ya 270,000. Katika awamu hiyo ya pili kijana alilipwa Sh455 kwa siku na msimamizi Sh505. Tofauti na msaada wa bure, hapa mtu alishika ufagio na koleo hadharani, na jirani angeweza kuhesabu waliokuja na wasiokuja. Hilo lilisaidia. Hata hivyo vyombo vya habari viliripoti malalamiko sehemu mbalimbali nchini: malipo yaliyochelewa, majina ya wafanyakazi hewa, na vijana walioambiwa watoe kitu kidogo ndipo waandikwe. Kinachoonekana barabarani ni kazi. Daftari la mahudhurio, ambalo ndilo hugeuzwa kuwa pesa, lilibaki mkononi mwa msimamizi. Wanaoandikwa leo kusafisha Mto Nairobi chini ya Climate WorX, iliyoanza 2024, wana sababu ya kutaka kuliona daftari lao.

Sasa tutoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu wapo waliojaribu njia ambayo mama wa barazani alikuwa akiiulizia: serikali kusaidia kulipa mshahara wa mtu aliyetumwa nyumbani ili kazi yake imngoje. Uingereza ilifanya hivyo kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Septemba 2021. Mfanyakazi alipata asilimia 80 ya mshahara wake, bila kuzidi pauni 2,500 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka serikalini kupitia mwajiri. Ajira milioni 11.7 zilipitia mpango huo. Udanganyifu ulikuwepo, na ule wa kawaida haukufanywa na mfanyakazi. Mwajiri aliomba hela akisema watu wake wako nyumbani, huku akiwaita kazini kimyakimya. Mfanyakazi akikataa, anajua kitakachomfuata.

Afrika Kusini ilitumia mfuko wake wa bima ya ukosefu wa kazi, ambao wafanyakazi wenyewe huchangia, kulipa waliosimamishwa kwa muda. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa huko ya Septemba 2020 ilionyesha malipo yaliyokwenda kwa marehemu, wafungwa, watoto wasiofikisha umri wa kufanya kazi, na watu waliokuwa wakilipwa mshahara na serikali. Fedha zilipitia kwa waajiri, na wapo waliozipokea kwa niaba ya wafanyakazi wasiwafikishie.

Kwa hiyo hata nchi zenye kompyuta nyingi kuliko sisi ziliibiwa. Lakini Uingereza ilifanya jambo moja ambalo ningependa tulishike. Kwa maombi ya kuanzia Desemba 2020, mamlaka yao ya ushuru ilianza kutangaza hadharani majina ya waajiri waliochukua fedha hizo, na mfanyakazi akaweza kuangalia katika akaunti yake ya kodi kama mwajiri ameomba kwa jina lake. Yaani mshonaji aliyekuwa akiendelea kushona angeweza kujua kwamba, kwa mujibu wa karatasi, amelala nyumbani.

Hapa nataka kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana mitaani. Mwaka 2020 ilikuwa kawaida kusikia mtu akisema, "Yule analalamika ametumwa nyumbani na ninamwona na bodaboda kila siku, anakula mara mbili." Mimi sikubaliani. Mtu aliyesimamishwa bila malipo akatafuta kibarua ili watoto wale hajatumia vibaya chochote. Hata Uingereza, mkataba ukiruhusu, mtu aliyekuwa kwenye mpango aliweza kufanya kazi kwa mwajiri mwingine. Kilichokatazwa ni kumfanyia kazi mwajiri yule yule aliyekuwa akiomba fedha kwa madai kwamba huyo mtu hafanyi kazi. Kosa linapimwa kwa tamko la uongo lililotolewa ili fedha itoke. Anayejiandikisha kwa vitambulisho viwili ametoa tamko la uongo. Msimamizi anayetia sahihi siku ambazo hukuja, na kukata chake, ametoa tamko la uongo. Mwenye bodaboda anatafuta unga.

Upo ujanja mwingine wa mwajiri ambao hauhitaji hata fedha za serikali. Anawatuma nyumbani wafanyakazi wa kudumu kwa sababu ya hali ngumu, kisha baada ya wiki tatu lango linafunguliwa kwa vibarua wa kutwa wanaofanya kazi ile ile kwa ujira mdogo. Aprili 20, 2020 Wizara ya Leba, chama cha waajiri FKE na COTU walitia sahihi mkataba wa maelewano uliohimiza mazungumzo kabla ya kumpunguza mtu au kukata mshahara. Wapo waajiri walioufuata kwa moyo, na ni haki kusema hivyo. Nawajua mafundi waliokubali nusu mshahara kwa maandishi na wakarudishiwa mshahara kamili ilivyoahidiwa. Lakini kama nafasi yako imejazwa na mwingine, hiyo si hali ngumu ya biashara, na afisa wa leba anapaswa kuisikia. Na huyo kibarua wa kutwa naye ajue kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 37, akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja, sheria haimhesabu tena kuwa kibarua wa kutwa.

Takwimu za serikali zinaonyesha ukubwa wa tatizo lenyewe. Utafiti wa Uchumi wa 2021 ulionyesha kwamba nchi ilipoteza zaidi ya ajira 700,000 katika mwaka wa 2020. Waliobaki kwenye daftari la kiwanda lakini bila mshahara ni vigumu kuwaona ndani ya hesabu kama hiyo, kwa sababu kwa karatasi bado wameajiriwa.

Turudi kwenye orodha. Nimesema ibandikwe, na mara kadhaa nimejibiwa na wakazi wenye hoja nzito. Mama mmoja wa Umoja aliniambia hataki jina lake lisomwe na kila mpita njia kama mtu wa kusaidiwa. Watoto wake watachekwa shuleni. Wengine wanahofia matapeli wa simu: ukibandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya M-Pesa, umewapa matapeli kila wanachotaka. Wako sahihi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wao. Lakini hofu hiyo haidai orodha ifichwe kabisa. Nambari za kitambulisho na za simu hazina kazi mlangoni. Vigezo, idadi ya nafasi kwa kila kijiji, majina ya waliochagua na tarehe waliyokaa vinaweza kubandikwa bila kumwaibisha mtu. Majina ya wanaopokea yanaweza kusomwa barazani mbele ya majirani, pasipo kupigwa picha, na kila mtu apewe muda wa kupinga au kuongeza. Panapohusika mwajiri anayepokea fedha za umma hata hilo halihitajiki: kampuni haichekwi shuleni.

Najua kuna watakaosema afisa wa habari wa kaunti anazungumza kirahisi juu ya mipango ya serikali ya kitaifa. Ni kweli kwamba kaunti haikuwa na ufunguo wa fedha nilizozitaja. Lakini malalamiko yalikuja kwetu, kwa sababu mwananchi hatofautishi mlango wa chifu na mlango wa wadi anapokuwa na njaa, na sheria ya kupata habari inazibana ofisi zote, zetu zikiwemo.

Basi kijana wa yule mama afanye nini wiki hii? Kwanza aombe kwa maandishi barua inayosema ametumwa nyumbani tangu lini, kwa sababu gani, na atarudi lini. Ujumbe wa simu kwa msimamizi unatosha kuanzia, mradi autunze. Wakikataa kumjibu, kukataa kwao nako ni ushahidi, na sheria inasema mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Akusanye hati za mshahara. Aende Kituo cha Huduma Makadara kwenye dawati la NSSF aangalie kama michango yake ililipwa, kwa sababu mara nyingi kiwanda kinachotuma watu nyumbani ghafla kilianza kuyumba miezi mingi kabla, na michango huwa ya kwanza kukatika. Kisha apeleke lalamiko kwa afisa wa leba, ambako hatozwi kitu. Asikae hadi mambo yapoe: madai ya kazi hufungwa baada ya miaka 3, na mashahidi huhama Nairobi mapema kuliko hapo.

Na ukisikia mpango wowote wa msaada au wa kazi za vijana umefika wadi yako, usingoje kulalamika baada ya majina kutoka. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuuliza mapema: nafasi ni ngapi, vigezo ni vipi, nani anachagua, na daftari la mahudhurio linakaguliwa na nani. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Usipojibiwa, lalamiko linakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ukiombwa kitu kidogo ili uandikwe, hiyo ni kazi ya EACC, na wanapokea taarifa bila kukuuliza jina.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Sheria hiyo inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, afisa wa ofisi hiyo amwandikie.